Owen, Mzee na Ukurasa Unaorukwa

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka sita nilipomsomea kwa mara ya kwanza kisa cha Owen na Mzee, kiboko mchanga na kobe mkongwe wa Bamburi, na swali aliloniuliza halikuhusu urafiki hata kidogo. "Mjomba, mbona kobe anamkimbia mtoto?" aliuliza, huku ameukandamiza ukurasa kwa kiganja ili nisiufunue unaofuata. Nilimjibu haraka kwamba kobe alikuwa hajamzoea mgeni, kisha nikaendelea hadi kwenye picha ambayo kila mtu huipenda, ile ya wawili hao wakiwa wamelala ubavu kwa ubavu. Tangu siku hiyo nimekisoma kisa hicho na watoto wengine mara nyingi, nami sasa ninaamini kwamba swali lake ndilo lililobeba hadithi nzima, na kwamba wasimulizi wengi wa hadithi za watoto, mimi nikiwa mmojawao, tunakuwa na pupa ya kufika kwenye utamu kabla ya kupita kwenye ugumu.

Kisa chenyewe ni cha pwani ya Kenya na ni cha kweli. Mwishoni mwa mwaka 2004 mvua kubwa zilifurisha mto Sabaki, na viboko wakateremka na maji hadi karibu na mahali mto huo unapoingia baharini, kaskazini mwa mji wa Malindi. Tarehe 26 Desemba mawimbi ya tsunami yaliyoanzia karibu na Sumatra yakaifikia pwani hiyo, na yalipotulia alionekana ndama mmoja tu, amekwama kwenye miamba ya matumbawe, hana mama wala kundi. Wavuvi, wenyeji, maofisa wa wanyamapori na wageni waliokuwa likizoni walihangaika naye kwa saa nyingi, kwa kuwa ndama wa kiboko ana nguvu, anateleza, na hajui kwamba anayemfukuza anataka kumwokoa. Hatimaye mwanamume mmoja aliyeitwa Owen alimrukia na kumkaba, na majarife, zile nyavu nene za kuvulia papa, yakamzingira. Ndama akapewa jina la huyo aliyemkaba. Uzito wake ulikuwa kilo 270 hivi. Alipakiwa kwenye gari akiwa amefungwa kamba na kusafirishwa takriban kilomita 100 kuelekea kusini, hadi hifadhi ya Haller Park huko Bamburi, Mombasa.

Hapo ndipo alipomkuta Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra katika visiwa vya Shelisheli, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 na uzito wa kilo 320 hivi. Owen alipofunguliwa alikwenda kujibanza nyuma ya kobe huyo, kama ambavyo ndama wa kiboko hujibanza nyuma ya mama yake anapoona hatari. Mzee hakumpokea. Alifoka kwa ile sauti ya kupuliza hewa ambayo kobe huitoa anapoudhika, akajikokota kuondoka. Owen akamfuata. Mzee akaondoka tena, na Owen akamfuata tena, usiku ukaingia wakiwa katika hali hiyo, na asubuhi wahudumu waliwakuta wamelala pamoja.

Ningetaka msimulizi yeyote atulie hapa, kwenye usiku huo, kwa sababu kutolingana kwa wanyama hawa ni kukubwa kuliko tofauti ya sura tunayoiona pichani. Kiboko ni mnyama anayenyonyesha, na mtoto wake hukaa karibu na mama kwa miaka, akijifunza kutoka kwake wapi pa kulisha, lini atoke majini na nani wa kuogopwa. Kobe ni mnyama wa jamii nyingine kabisa. Mama kobe huchimba shimo, akataga mayai, akayafukia, akaondoka. Kifaranga anapojitokeza juu ya ardhi huwa hana wa kumwongoza, na anaanza safari ya maisha ambayo huenda ikazidi karne moja bila kumjua mama wala baba. Maana yake ni kwamba Owen alikuwa akitafuta kitu ambacho Mzee, kwa maumbile yake, hajawahi kupewa wala kutarajiwa kukitoa. Alipomfoka mgeni hakuwa mkatili. Alikuwa kobe. Ukilielewa hilo, yale yaliyotokea asubuhi yanapata uzito ambao picha peke yake haiwezi kuyapa.

Kitabu cha picha kilichokieneza kisa hiki duniani, Owen & Mzee, kiliandikwa na Isabella Hatkoff pamoja na baba yake Craig Hatkoff na Dkt. Paula Kahumbu, mwanaikolojia wa Kenya aliyekuwa akiisimamia Haller Park wakati huo, na picha zake zilipigwa na mwandishi wa habari Peter Greste. Kilitangulia kusambazwa kwa njia ya mtandao mwaka 2005, kisha kikachapishwa mwaka 2006. Isabella mwenyewe alikuwa mtoto mdogo nchini Marekani alipoiona picha ya wanyama hao gazetini na kutaka kisa chao kiandikwe. Kitabu hicho, kwa haki yake, hakikumficha kobe aliyefoka. Lawama yangu naielekeza kwenye masimulizi yaliyotokana nacho, yale ya madarasani, ya kurasa mbili katika vitabu vya kusomea na ya video fupi, ambamo tsunami inatokea katika sentensi ya kwanza na urafiki unatimia katika sentensi ya pili. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja nikimsikiliza mwalimu akikisimulia kwa namna hiyo, na kabla watoto hawajauliza lolote alikuwa ameshaandika ubaoni "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Methali hiyo ni nzuri na ni ya kweli, lakini haikutoka ndani ya kisa. Mzee hakujua kwamba mgeni wake ana dhiki. Aliyeijua dhiki ni Owen, na ni Owen aliyeendelea kumfuata aliyemkataa.

Fasihi yetu ilikuwa na wanyama wasiolingana kabla ya kitabu hiki, na haikuona haya kuutaja ugumu wa urafiki wao. Mfano ninaourudia ni kisa cha kima na papa, kilichomo katika hekaya za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, ingawa mizizi yake inarudi nyuma hadi kwenye hekaya za Bara Hindi zilizopita kwa Waarabu katika kitabu cha hekaya kiitwacho Kalila wa Dimna. Kima anakaa juu ya mkuyu ambao matawi yake yamepindia baharini, anakula kuyu na kumrushia papa aliye chini, na urafiki wao unajengwa juu ya chakula hicho. Siku papa anapomwalika kima nyumbani kwake na kumbeba mgongoni, wakiwa katikati ya maji anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima, kwa utulivu wa ajabu, anamjibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mitini, basi warudi wakauchukue. Anapoufikia mti anapanda juu, na hashuki tena.

Mtu anaweza kusema kwamba hadithi hiyo ni kinyume cha ile ya Owen na Mzee, moja ikiwa ya usaliti na nyingine ya upendo. Mimi naona zina msingi mmoja. Katika zote mbili tofauti ya maumbile haiondoki kwa sababu wawili wamependana. Papa anabaki wa baharini na kima anabaki wa mtini, na hatari inaanza pale mmoja anapokubali kusahau kwamba hawezi kuogelea. Msimulizi wa Unguja aliwaamini watoto kiasi cha kuwaambia hivyo waziwazi. Sioni kwa nini sisi tuwaamini wa leo kwa kipimo kidogo zaidi.

Zipo hata hivyo tofauti mbili za kisanaa kati ya hekaya hiyo na kitabu cha Bamburi, na zinastahili kuangaliwa na yeyote anayefikiria kuandika au kuchora kwa ajili ya watoto. Ya kwanza ni kwamba wanyama wa hekaya husema. Kima na papa ni watu waliovaa ngozi na magamba, na mtoto anayesikiliza anajua hivyo, ndiyo maana haulizi papa alijifunza wapi kusema. Owen na Mzee hawasemi. Mwandishi akiwatilia maneno vinywani, akamfanya Owen aseme "Nimempoteza mama yangu, je, utakuwa rafiki yangu?", anaivunja hadithi, kwa sababu kinachomshangaza msomaji ni kwamba walielewana bila maneno. Waliowatazama kwa karibu walieleza jinsi walivyojitengenezea lugha ya miili. Mzee alipotaka Owen asogee alimng'ata mkia taratibu, na Owen alipotaka Mzee atembee aligusagusa miguu yake ya nyuma, wa kulia au wa kushoto, kutegemea upande aliotaka waelekee. Ilisikika pia sauti nzito ya chini ambayo haikuwa ya kawaida kwa kiboko wala kwa kobe. Sijui mazungumzo gani ya kubuni yangeweza kumfundisha mtoto zaidi ya kiboko anayejifunza kwamba mguu wa kulia wa kobe una maana yake.

Tofauti ya pili ni picha. Hekaya ya kima na papa inatosheka na sikio, na kila msikilizaji hujichorea mkuyu wake. Kitabu cha Owen na Mzee hakiwezi kuishi bila picha, tena picha halisi za kamera, kwa sababu jambo lenyewe halisadikiki. Mchoro wa kiboko aliyemlalia kobe haumshangazi mtoto hata kidogo. Ameshaona vitabuni tembo wanaovaa suruali na simba wanaokunywa chai. Picha ya kamera inamlazimisha aulize kama ni kweli, na jibu la "ndiyo" linamfungulia mlango mwingine, wa kuuliza ilikuwaje, nani aliona, wako wapi. Peter Greste alizipiga akiwa mtu wa habari, na naona uanahabari huo katika picha zake: hakuna rangi ya kupambwa, tope ni tope, ngozi ya shingo ya kobe ina mikunjo yake yote, na ukubwa wa miili hiyo miwili unaonekana ulivyo. Nimeona vitabu vya kuigiza kisa hiki ambavyo wachoraji wake wamempa kobe kope ndefu na tabasamu. Kobe hatabasamu. Mtoto aliyeonyeshwa uso halisi wa Mzee, mgumu na usiosema kitu, kisha akaambiwa kwamba mwenye uso huo alimwacha yatima alale karibu naye, amejifunza kutohukumu sura, tena bila kuhubiriwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni mahali. Katika masimulizi mengi mafupi wanyama hawa wanakutana "porini". Hawakukutana porini, na wasingekutana huko kamwe. Kobe wa Aldabra si wa Sabaki, na kiboko hana njia ya kufika Aldabra. Walikutana kwenye shimo la zamani la machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe kwa miaka mingi, na kilipomaliza sehemu moja kiliacha uwanda mweupe wenye joto na chumvi ambao hata majani hayakuweza kuota. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kuupanda miti. Aina nyingi zilikufa. Mivinje ndiyo iliyostahimili vizuri zaidi. Lakini majani ya mvinje, yaliyo kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza, mpaka jongoo walipoletwa kuyala na kuyageuza kuwa udongo. Juu ya udongo huo wa jongoo ikaota miti mingine, wakaja ndege na wanyama, na shimo la saruji likawa msitu wenye mabwawa.

Ninapenda kuliweka hilo ndani ya hadithi na si pembeni yake. Kiboko hakuwa na kwao tena. Asingeweza kurudishwa mtoni, kwa kuwa hakuwa amefundwa na mama yake namna ya kuishi, na viboko wa kundi lingine wangemwona mvamizi na pengine kumuua. Kobe alikuwa mbali na kisiwa cha asili yake. Msitu wenyewe ulikuwa umeoteshwa juu ya jeraha. Wote watatu walikuwa wamehamishwa au kuharibiwa, kisha wakaangaliwa na watu. Aliyekata shauri kwamba ndama apelekwe kwenye boma lile lenye bwawa na tope, pamoja na kobe, tumbili na pongo, alikuwa mtu. Stephen Tuei, mkuu wa wahudumu wa wanyama, aliyekuwa akimpelekea Mzee majani na kumkuna shingoni, alikuwa mtu, na kazi yake ya kila siku ndiyo iliyomwonyesha Owen, aliyekuwa amegoma kula, kwamba majani yale aliyoyatafuna kobe yanalika. Tunapomwambia mtoto kwamba wasiolingana wanaweza kupatana bila kumwambia nani aliyeandaa mahali pa kupatania, tunamwachia dhana kwamba urafiki wa namna hiyo huota wenyewe, na siku atakapokaa dawati moja na mtoto wa lugha nyingine au wa dini nyingine, wakagombana, atafikiri kwamba kosa ni lao wawili tu.

Na jina nalo lina sehemu yake. Kwa msomaji wa mbali, Mzee ni jina la kobe kama ambavyo Owen ni jina la kiboko. Kwa msomaji wa Kiswahili, mzee ni cheo chenye wajibu. Ni mtu ambaye mtoto aliyefukuzwa kwao anaweza kukimbilia barazani kwake, na majirani wakamtazamia atasema nini. Kwa hiyo sisi tunaisoma sentensi "Mzee alimfukuza" kwa mshtuko ambao msomaji wa Chicago hawezi kuuona, na tunaisoma sentensi "asubuhi walikuwa pamoja" kwa nafuu ambayo naye haijui. Tafsiri au masimulizi yoyote ya Kiswahili yanayomgeuza awe "kobe rafiki" tu yametupa mali ambayo lugha yetu ilikuwa imeipata bure.

Imebaki sehemu ambayo kitabu cha mwaka 2006 hakingeweza kuwa nayo, kwa kuwa ilikuwa haijatokea. Owen aliendelea kukua. Kiboko dume aliyekomaa hupita kwa urahisi tani moja na nusu, na gamba la kobe, pamoja na ugumu wake, halikuumbwa kuhimili mchezo wa mwili wa namna hiyo. Kilichokuwa kuegemeana kilikuwa kinageuka kuwa hatari kwa mkubwa wa umri, na mdogo hakuwa na njia ya kulijua hilo. Kuanzia mwaka 2007 walezi walianza kumzoesha Owen na kiboko jike aitwaye Cleo, ili ajifunze kuwa kiboko, na Mzee akatengwa naye kwa usalama wake. Hakuna aliyesaliti. Hakuna aliyegombana. Waliachanishwa kwa sababu miili yao ilikuwa imerudi kudai tofauti ambayo usiku wa kwanza kobe aliitangaza kwa kufoka.

Wasimulizi wengi hukatisha hadithi kabla ya hapo, na nimesikia sababu yao: watoto watahuzunika. Watahuzunika kweli. Lakini mtoto wa pwani ameshaona binamu akihamia Nairobi, rafiki akihamishwa shule, yaya aliyemlea akirudi kwao. Anakijua kitendo cha kuachana. Asichokuwa nacho ni hadithi inayomwambia kwamba kuachana kunaweza kutokea bila mtu kuacha kupenda. Ningemwomba mchoraji wetu yeyote atakayekichora kisa hiki upya, kwa Kiswahili na kwa bei ambayo mzazi wa Bamburi anaimudu, asiufiche ukurasa huo. Aichore Sabaki iliyofurika kwa rangi yake ya udongo, na jarife mikononi mwa wavuvi, na mivinje, na jongoo chini ya mivinje. Kisha achore uzio, Owen akiwa majini pamoja na Cleo upande mmoja, na Mzee upande wa pili ameinua shingo.

Mpwa wangu nilimsimulia sehemu hiyo kwa mdomo, kwa kuwa sikuwa na picha ya kumwonyesha. Alikaa kimya kwa muda mrefu kidogo, kisha akauliza kama Mzee bado anakula, na kama kuna mtu anayempelekea majani. Nilimwambia yupo. Akataka kujua jina lake.